Nyongeza

Simu iliita mara tatu nikiwa darasani. Namba ngeni, nikaiacha iite. Baadaye ukaja ujumbe kwamba nimeshinda cherehani, nikacheka, nikaufuta. Siku hizi mtu akikwambia umeshinda kitu, kinachofuata ni kukutajia namba ya kutumia hela ya kutolea mzigo. Siku mbili zikapita, akapiga tena. Akanitajia duka, akanitajia siku niliyonunua, akaniambia kuponi yangu ilikuwa imejazwa kwa kalamu nyekundu. Hapo nikakaa chini. Kalamu nyekundu ni yangu kweli. Ndiyo ninayosahihishia madaftari.

Jumamosi kirikuu kikasimama mbele ya nyumba yetu, Magomeni, vijana wawili wakashusha meza, kisha mota, kisha kichwa cha cherehani ambacho walikibeba wote wawili huku wakiambizana "taratibu, taratibu." Nusu ya mtaa ilikuwa imetoka kutazama. Watoto walitaka boksi.

Kilikuwa cherehani cha kiwandani, na hilo lilinishangaza kuliko ushindi wenyewe. Mimi si fundi. Nashona nyumbani: mapazia, foronya, magauni ya mabinti wa dada yangu, mara moja moja dera langu mwenyewe ambalo silivai mbele ya watu wanaojua kushona. Kwa miaka yote nimetumia cherehani cheusi cha miguu alichoniachia mama, ambacho kikikaza nakibembeleza na kikigoma nakifunika. Cherehani cha kiwandani ni mnyama mwingine. Kinakaa ndani ya bakuli lake la mafuta kama samaki kwenye sufuria. Sindano yake ina shina la mviringo, ya nyumbani haiingii. Hakijui zigizaga, hakijui tundu la kifungo. Kinajua mshono mmoja tu ulionyooka, na huo kinaushona hadi mara 5,000 hivi kwa dakika, wakati vya umeme vya nyumbani kwa kawaida huishia kwenye 1,000. Mota yake ni ya aina ile ambayo ukiwasha swichi inaunguruma muda wote, ushone usishone, na umeme unalika.

Mtu wa kwanza kuja kunipongeza alikuwa fundi wa nyumba ya mbele, yule anayekaa kibarazani na cherehani chake cha miguu kuanzia asubuhi hadi mwanga unapomwishia. Alikuja na sahani ya vitumbua imefunikwa kwa kawa. "Hongera, Mwalimu. Mungu amekuona." Akaiweka sahani, akainama chini ya meza kabla hata sijamkaribisha kiti, akautazama mkanda, akauliza mafuta yako wapi, akamimina, akageuza sindano ambayo nilikuwa nimeiweka kinyume. Miaka sita alikuwa ameshona mifuko ya suruali kwenye kiwanda cha nguo, mifuko tu, kwenye cherehani kama hiki. Aliniomba kipande cha kitambaa. Alipokanyaga, mshono ukaenda kama mtu anavyochora mstari kwa rula, halafu akasimama palepale alipotaka, sindano ikiwa chini.

"Usikikanyage kwa pupa," aliniambia. "Kinaondoka na kidole."

Tulikula vitumbua. Na mimi sikusema kitu.

Nilichokuwa nakijua ni hiki. Siku niliyokwenda Kariakoo nilikuwa na safari moja lakini shughuli mbili. Nilikwenda kutafuta kitambaa cha mapazia, na kwa kuwa nilikuwa nakwenda, fundi alinipa orodha yake: bitana, zipu, uzi rangi nne, gamu ya kola. Alikuwa na kazi za watu na hakuweza kutoka. Nilinunua vyote duka moja, kwa risiti moja. Vitu vyangu vilikuwa shilingi 74,000. Vyake vilikuwa 38,000. Jumla 112,000. Na lile duka lilikuwa likitoa kuponi moja kwa kila manunuzi ya 100,000.

Kijana wa kaunta alinisogezea kuponi, nikatoa kalamu yangu, nikaandika jina langu na namba yangu. Sikufikiri. Nataka niaminiwe hapo, kwa sababu yaliyofuata hayanitetei sana. Nilipanda mwendokasi, nikamfikishia mzigo wake, nikamhesabia na chenji yake mpaka sarafu ya mwisho, akanishukuru. Kuponi sikuitaja kwa kuwa nilikwishaisahau. Ila tangu namba ile ngeni ilipotaja kalamu nyekundu, nilikuwa nakumbuka kila kitu, hata mpangilio wa vitu kwenye risiti.

Kila mtu aliyekulia huku kwetu alitumwa dukani utotoni, na huko ndiko alikosomea falsafa yake ya kwanza ya mali. Sheria ya chenji ilikuwa haina mjadala: chenji ni ya aliyekutuma. Ukibaki na sarafu moja ni mwizi, na fimbo ya siku hiyo hukuhitaji kuelezwa sababu yake. Lakini palikuwa na vitu viwili ambavyo si chenji. Mama wa nyanya, akishapanga fungu lako, alitupia moja juu yake. Hiyo ni nyongeza. Nyongeza ilikwenda nyumbani pamoja na fungu; hakuna mtoto aliyeila njiani akaona amefanya sawa. Halafu mwenye duka, siku akiwa na moyo mzuri, alikupa pipi. Pipi hiyo ulikula, na mama akiona ulimi wako umegeuka rangi hakudai kitu. Nyanya ilitolewa kwa ajili ya fungu. Pipi ilitolewa kwa ajili yako, kwa sababu wewe ni mtoto na umekuja kwa adabu.

Usiku ule wa kwanza, cherehani kikiwa kimefunikwa shuka sebuleni, nilijiuliza kama ni nyanya au ni pipi. Kuponi haikutolewa kwa uso wangu. Kijana wa kaunta hakunitazama hata usoni. Ilitolewa kwa 112,000, na katika hizo, zangu peke yake zisingefika. Nilijua jibu. Kwa hiyo nikaanza kutafuta jibu lingine, kama anavyofanya mtu yeyote aliyesoma.

La kwanza nililishika kwa methali: mpewa hapokonyeki. Ni methali nzuri na imewafariji wengi walioonewa. Lakini nimeona kwamba mara nyingi huandikwa kwenye kanga na aliyepata, si na aliyekosa. Inadhani kwamba tunajua tayari nani alipewa. Mimi tatizo langu lilikuwa hapohapo.

La pili lilikuwa bahati. Kura ilipigwa, jina likatoka, jina ni langu. Kiswahili kinafanya jambo la ajabu hapa: neno moja, kura, tunalitumia kwa karatasi inayochotwa bila kuangalia na kwa karatasi tunayoijaza baada ya kufikiri. Tunapiga kura kumchagua diwani na tunapiga kura kujua nani aanze kucheza. Asili yake ya Kiarabu ni hiyo ya pili, kuacha jambo liamuliwe pasipo upendeleo wa mtu. Maandiko yameijaa: Yona alitupwa baharini kwa kura, Mathiya aliingia kwenye nafasi ya Yuda kwa kura, na Qurani inawataja waliotupa kalamu zao kuamua nani amlee Maryam. Katika visa vyote hivyo kura ni haki kwa sababu wote waliohusika wamo ndani yake. Kura haiwezi kumtendea haki mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Sanduku la lile duka lilikuwa na haki kamili. Kasoro ilitokea kabla yake, kwenye kaunta, kwenye ncha ya kalamu nyekundu.

Nikaenda kwa wanafalsafa. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha *Siasa*, anasema filimbi bora apewe mpigaji bora, hata kama wengine ni wazuri wa sura au wa ukoo bora, kwa kuwa filimbi ni ya kupigwa. Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu haki, anaichukua filimbi na kuwaweka mbele yake watoto watatu: mmoja ndiye pekee anayejua kuipiga, mmoja ni maskini asiye na kitu kingine cha kuchezea, mmoja ndiye aliyeitengeneza kwa mikono yake. Kila mmoja ana hoja, na Sen anaonyesha kwamba si lazima hoja moja izimeze nyingine. Nilisoma kurasa hizo nikijitafuta. Simo. Hakuna mtoto wa nne anayesema: mimi sijui kuipiga sana, si maskini hivyo, sikuitengeneza, ila jina langu limetoka.

Na fundi wangu alikuwa wawili kati ya wale watatu. Angekipiga vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Na alikuwa na shida nacho: Januari sare za shule humfikia mpaka anakataa kazi, na cherehani kipya alishakifikiria kukichukua kwa mkopo wa kausha damu, akahesabu marejesho ya kila wiki, akaogopa. Namsifu kwa kuogopa.

Lakini hoja ya Aristotle, hata ilipoelekea kwenye jibu nililolijua, sikuipenda. Ukiifuata mpaka mwisho, sufuria zangu ni za dada yangu, ambaye anapika kunishinda, na redio ni ya yule kijana wa jirani mwenye sikio la muziki. Nashona vibaya, lakini nashona. Kuna raha ya kufanya kitu usichokiweza sana, peke yako, usiku, bila mteja wa kukusubiri mlangoni, na sioni kwa nini raha hiyo iondolewe duniani kwa sababu pembeni kuna mtu mwenye mkono mwepesi zaidi. Kama ningekuwa nimenunua 74,000 zangu mara mbili nikapata kuponi yangu halali, ningekaa na cherehani changu cha kiwandani na mapazia yangu yaliyopinda, na fundi angekula vitumbua nami bila mimi kukosa usingizi.

Basi nikapata wazo lililoonekana kumaliza yote: nimpe. Nimpelekee kama zawadi. Nililibeba wazo hilo siku nzima nikijisikia mwepesi, hata nikatengeneza maneno ya kumwambia. Nilimwona akishika mdomo. Niliona mtaa ukisema Mwalimu ana moyo. Na hapo ndipo lilipooza. Ningekuwa nimemrudishia mtu chake na kupokea shukrani juu yake. Angekuja kunishonea bure. Angewaambia wateja wake. Kila Idi angeleta sahani. Yaani ningechukua kwake mara mbili, na mara ya pili ningechukua kitu kikubwa zaidi, kwa kuwa anayepewa zawadi huinamisha kichwa kidogo, na anayelipwa deni hainamishi. Kitu kile kile, meza ile ile, wabebaji walewale kuvuka barabara, lakini kama ni zawadi mimi niko juu yake na kama ni deni tuko sawa.

Nilimpigia shangazi yangu Tanga. Sikumweleza yote. Nilimwambia tu nimeshinda cherehani kwenye bahati nasibu ya duka. Nilitarajia aniulize kuhusu kamari, na aliniuliza.

"Ulinunua vitambaa ili upate kuponi, au ulipata kuponi kwa sababu umenunua vitambaa?"

Nikamwambia vitambaa nilikuwa navihitaji, bei ilikuwa ya kawaida, kuponi ilikuja yenyewe. Akasema masheikh wengi husema hiyo haina neno, kwa kuwa hukuweka dau, hukutoa shilingi ya kutegea. Nikashusha pumzi. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kuulizia hali ya watoto:

"Na vitambaa vyote vilikuwa vyako, mwanangu?"

Sijui kwa nini aliuliza. Labda ni kwa sababu amenijua miaka mingi. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema neno moja, amana, akaendelea kunieleza habari za mvua.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu kirikuu kile kije. Siku ya kumwambia sikuwa na hotuba. Nilivuka barabara jioni nikiwa na risiti mkononi, nikamkuta anatoboa matundu ya vifungo kwa mkono. Nikamwambia vile nilivyoandika hapa, kwa kifupi zaidi. Alichukua risiti akaisoma yote, kila mstari, akiupitisha ukucha kwenye vitu vyake: bitana, zipu, uzi, gamu.

"Wiki tatu, Mwalimu," alisema. "Nilikuja na vitumbua."

Sikuwa na la kusema, na mpaka leo sina. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya cherehani, na nilikuwa na majibu. Vitumbua sikuviandalia jibu.

Nilimwambia nusu ni yake. Nilikuwa na hoja yake kabisa. Mwaka 1953 Lloyd Shapley, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alionyesha njia ya kugawana kinachopatikana kwa ushirikiano, na katika njia hiyo, watu wawili ambao hakuna anayeweza kupata kitu bila mwenzake wanagawana sawa kwa sawa, haijalishi nani alileta kingi. Bila 38,000 zake nisingepata kuponi. Bila 74,000 zangu asingepata. Kwa hiyo nusu.

"Huyo alikuwa anashona?" aliuliza.

Nikamwambia alikuwa wa hesabu.

"Basi na mimi nitapiga hesabu." Akageuza risiti, akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaona haiandiki, akaomba kalamu. Nilikuwa na ile nyekundu. Thelathini na nane ndani ya mia na kumi na mbili, akasema, ni theluthi na kichele. Theluthi ya juma ni siku mbili na kitu. Atakuja Jumanne, Alhamisi, na Jumamosi mpaka adhuhuri. Umeme wa siku zake atalipa mwenyewe. Tuangalie uniti za LUKU akifika na akiondoka. Nikamwambia achukue siku zote, mimi nashona usiku tu tena mara moja kwa wiki. Akakataa. Nikamwambia basi tukiuze tugawane. Akanitazama kama mtu aliyesema tuuze mlango.

"Na nauli ya mwendokasi siku ile sikukupa," aliongeza. "Tulikubaliana nitakupa, nikasahau." Akaitoa pale pale.

Niliichukua. Ilikuwa ngumu kuliko kumwambia.

Nimefikiria sana kwa nini alikataa nusu. Ningependa kuamini ni staha, lakini sidhani. Nadhani ni kwamba nusu ilikuwa hesabu yangu, na ningeweza kuiongeza au kuipunguza kadiri ya kujisikia kwangu. Theluthi na kichele ilikuwa kwenye risiti. Ilikuwepo kabla ya cherehani na kabla ya majuto yangu, na hakuhitaji kunishukuru kwa ajili yake. Inawezekana pia kwamba alitaka tu nijue kuwa anajua kuhesabu. Hatuongei kama zamani. Tunasalimiana vizuri, anauliza shule, namuuliza wanawe, lakini ile tabia yake ya kunikabidhi orodha nikienda mjini imekwisha. Kariakoo sasa anakwenda mwenyewe, hata siku akiwa na kazi.

Daftari la LUKU linaning'inia kwenye msumari kando ya mita. Mwandiko wake ni mdogo na umesimama wima. Sijawahi kuona ameruka siku.

Mapazia yangu bado hayajaisha. Jumamosi iliyopita nilikuwa natandaza moja sakafuni wakati yeye anashona suruali za sare, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, zikirundikana kikapuni upande wake. Adhana ya adhuhuri ilimkuta katikati ya mshono. Zilikuwa zimebaki kama inchi nne. Akanyanyua mguu, akazima swichi, akasubiri mota inyamaze, akakata uzi. Nikamwambia amalizie tu.

"Muda wangu umekwisha," alisema. Akasoma mita, akaandika, akaikunja ile suruali na sindano ya mkono imechomekwa mahali alipoishia, akavuka nayo barabara.